Fungu la Watasema

14 Septemba

Flora kaniletea shajara hii kutoka ofisini kwao Dar es Salaam. Ina picha ya ghorofa juu na kurasa nyeupe kibao. Mwanangu huyu bwana! Mama yake fundi cherehani wa Chiwata, atapanga mikutano na nani? Lakini sipendi kitu kikae bure. Nitaandika msimu huu wa korosho mpaka uishe, halafu tuone.

Haya, tuanze. Korosho zimeanza kudondoka upande wa bondeni. Naokota mwenyewe huku magoti yananilalamikia. Mume wangu Gasper naye anaokota, ila anaweka mabibo, yale matunda yake, kapuni na korosho anazitupa. Alikuwa mwindaji wa nguruwe pori, mtu wa kukata msitu mzima bila njia na kutokea anapotaka. Sasa akili yake inaingia na kutoka. Kuna saa ananijua, kuna saa ananiita dada na kuniuliza kwetu ni wapi. Namjibu kwetu ni Lupaso, mimi ni Mmakua, na wewe Mmakonde ulinioa kwa bahati tu. Anacheka. Kucheka hajasahau.

Wa tatu nyumbani ni mbwa wetu, Watasema. Gasper alimleta mdogo kabisa ndani ya kapu la ming'oko, vile viazi vya porini, nikampa jina hilo kwa sababu nilijua majirani watasema mwanakwaya analaza mbwa jikoni. Na kweli walisema. Mbwa akakua, akazeeka, wao wakachoka.

17 Septemba

Jua kali. Korosho, korosho, mgongo.

21 Septemba

Naandika haraka haraka, mwandiko mbovu.

Utaratibu wetu ni huu. Gasper anapenda kuondoka. Anasema anaenda kwao Newala, mama yake anamsubiri, na mama mkwe tulimzika Flora hajazaliwa. Kumfungia siwezi, atavunja mlango. Basi namwacha aende na Watasema, maana mbwa yule hambanduki. Nikimaliza shughuli nasimama uani naita, "Watasemaaa!" Anabweka kokote aliko, nami nafuata sauti. Nawakuta wamekaa chini ya mkorosho wa mtu, Gasper anamsimulia habari za nguruwe, mwenzake katega masikio. Hivyo ndivyo tunavyoishi.

Leo nimeita, mbweko ukatoka jikoni. Nikaingia. Watasema alikuwa pale pale kwenye gunia lake, anajiinua kwa miguu ya mbele, ya nyuma inakataa. Alinitazama kwa aibu. Gasper alikuwa ameondoka peke yake.

Nimekimbia, kama huko ni kukimbia. Aliyemrudisha ni jirani yetu Kibibi, Mama Awadhi. Amemkuta katikati ya barabara ya Newala, malori yanampigia honi, yeye anayapungia mkono. Kamleta kamshika kiganja kama mtoto.

"Mama Flora, mtazame mzee wako," akaniambia. "Na hilo jibwa limeshazeeka, halina kazi tena."

Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilimtukana, Mungu anisamehe.

Bila miguu ya yule mbwa mume wangu atafia barabarani. Nimeliandika ili nisijidanganye.

23 Septemba

Tumekwenda Masasi kwa daktari wa mifugo. Gasper nimemwacha kwa Kibibi, sina pengine. Bodaboda wa kwanza alikataa, wa pili alicheka, wa tatu alikubali nikimtia mbwa kwenye tenga na kufunika kanga. Njia nzima watu wanadhani nimebeba mbuzi wa harusi.

Daktari anaitwa Nickson, kijana mrefu, mwenyeji wa Mbeya. Kainuka kitini.

"Shikamoo mama. Umeleta kuku?"

"Marahaba. Ni mbwa."

"Mbwa wa kuchanja?"

"Wa kutibiwa. Miguu inamuuma."

Akatazama tenga, akanitazama mimi. Nadhani aliona sitaondoka. Akamtoa taratibu, akamshika nyonga, akamkunja magoti, akasikiliza kwa vidole. Watasema, ambaye ameshika nguruwe kwa meno, aliuchukua mkono wa daktari mdomoni na kuushikilia tu bila kuuma, kama anayemwomba aache.

"Baridi yabisi," daktari akasema. "Ule ulaini wa katikati ya mifupa umelika. Sasa mfupa unasugua mfupa."

"Kama magoti yangu."

"Ugonjwa ni huo huo, mama."

Nilimweleza habari za Gasper. Akaanza kunifundisha. Zamani, alisema, mbwa akifika hapa mtu anamwacha afe. Siku hizi kuna njia. Kuna vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kimoja kwa siku akishakula, vinashusha uvimbe. Na kuna sindano mpya kabisa. Unapiga mara moja kwa mwezi, inaziba njia ya maumivu yasipande kichwani. Nchi za wenzetu mbwa waliokuwa hawainuki wanapanda ngazi. Huku haijafika, ila anamjua daktari wa Dar es Salaam anayewaagizia watu. Ataulizia. Tatizo lazima isafiri kwenye barafu mpaka huku.

"Itamponya?"

"Haitamponya. Itampa muda."

"Muda ndio ninaoutaka," nikasema.

Akanipa vidonge, akanisindikiza mpaka nje. "Jambo moja, mama. Usimpe dawa za watu. Panadoli, diklofenaki, chochote. Mbwa tumbo lake halihimili, hasa akiwa kwenye hivi vidonge. Zinaua."

Nikamjibu kwa jeuri yangu, "Sasa nani atampa mbwa dawa ya watu, baba? Zenyewe hazitutoshi."

27 Septemba

Kidonge nakificha kwenye tonge la ugali, anameza hana habari. Msumbufu ni Gasper. Na yeye ana dawa yake ya magoti kila asubuhi, ile ya zahanati, na kila asubuhi ananiuliza nataka kumwua kwa nini. Leo kakubali. Nimempa na maji, nikarudi kwenye chai yangu.

5 Oktoba

Watasema amesimama! Asubuhi nimemkuta mlangoni, mkia unapiga fremu. Kaenda na Gasper mpaka kwenye mikorosho ya Wamisheni na kurudi. Nilipoita alibweka kutoka mbali, nikakaa chini kwenye jiwe nikalia kwa raha, mtu mzima mimi.

Ajabu, Gasper mwenyewe ndiye anachechemea. Amemsindikiza mbwa huku kajishika kiuno. Nikamwambia, "Baba Flora, Mmakonde unashindwa na mbwa?" Akasema, "Mwache atangulie, ana maumivu." Maneno yake siku hizi ukiyafuata utapotea.

12 Oktoba

Nimegombana na Kibibi. Watasema kapita juu ya jamvi alilotandaza korosho zake. Kibibi kamfukuza kwa ufagio na kunitumia maneno juu ya ua kwamba mnyama yule akirudi atajuta. Yeye ni mtu wa swala tano, mbwa akigusa kitu inambidi aoshe upya, hilo nalijua na naliheshimu. Lakini kutisha ndiyo nini? Nikamjibu ajaribu aone. Tumenuniana. Hata chumvi sitamwomba.

20 Oktoba

Siku njema, niiandike. Watasema amefukuza ngedere kwenye muhogo. Hakuwafikia, wala hakuwahi kuwafikia hata ujanani, lakini amekimbia. Gasper alimpigia mluzi ule wa zamani wa msituni, vidole viwili mdomoni, na kwa muda mfupi alikuwa yule kijana aliyekuja Lupaso na paja la nguruwe begani kunichumbia.

Jioni daktari kapiga simu. Sindano imepatikana. Itakuja na mzigo wa mwezi wa kumi na moja. Nimemwambia Mungu atamzidishia.

26 Oktoba

Korosho nyingi. Tumepeleka magunia ghalani. Watu njia nzima wamelewa uraka, pombe ya mabibo, mabibo yanachacha kila mahali, nzi hawahesabiki.

29 Oktoba

Watasema amekataa ugali. Nikampa maji ya dagaa, akalamba, akatapika.

31 Oktoba

Choo chake kimetoka cheusi, kizito, kama lami. Fizi nyeupe. Anatetemeka juani.

Nilijua mara moja. Ni sumu. Na nilijua imetoka wapi. Nimesimama uani nimepiga kelele watu wakatoka majumbani. "Kibibi! Mama Awadhi! Mbwa amekukosea nini? Ungenipa mimi hiyo sumu!" Alitoka na unga mikononi. Hakujibu kitu. Alinitazama tu, akaingia ndani akafunga mlango. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa ushahidi.

2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Misa sikwenda.

Daktari Nickson amekuja mwenyewe na pikipiki. Shikamoo, marahaba, akapiga magoti chini jikoni kwangu. Alimvuta mbwa ufizi, akampapasa tumbo, akatazama choo nilichokifunika kwa jani.

"Siyo sumu ya panya," akasema. "Tumbo linavuja damu ndani. Vidonge nilivyokupa, unampa kimoja?"

"Kimoja."

"Akishakula?"

"Akishakula. Mimi siyo mtoto."

"Mama, kuna dawa nyingine yoyote anapata?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

Nilikasirika. Nilimwambia kama hana imani na mimi achukue mbwa akalale naye yeye. Aliomba radhi. Akamchoma sindano ya kutuliza tumbo, akaniachia dawa ya maji, akasema vidonge visimame kabisa. Vikisimama, tumbo litapona taratibu. Halafu mwezi huu huu ile sindano mpya, hiyo haina shida na tumbo, itambeba miaka.

"Atapona?"

"Kama hakuna kingine kinachoingia, anaweza."

Gasper alikuwa amekaa kizingitini muda wote. Alimwambia daktari, "Wewe mgeni, karibu ule." Chakula chenyewe hakikuwepo.

4 Novemba

Nimeona. Sijui niandikeje.

Asubuhi nilimpa Gasper kidonge chake na kikombe cha maji kama siku zote, nikageuka kwenda kwenye chai kama siku zote. Leo nilisahau sukari, nikarudi. Gasper alikuwa amechuchumaa kwenye gunia la Watasema. Nikasikia kidonge kinavunjika menoni. Akatoa nusu mdomoni, akaipangusa kwenye shati, akafumbua mdomo wa mbwa kwa vidole viwili, kwa upole kabisa, akaiweka nyuma ya ulimi. Mbwa ambaye hapokei tonge kutoka kwangu alimeza kutoka kwake.

"Fungu lako," Gasper akamwambia.

Nilipiga ukunga. Nilimshika mabega nikamtikisa, mgonjwa wa watu. "Umefanya nini? Toka lini? Gasper, toka lini?"

"Toka mguu ulipoanza kumuuma," akasema, na macho yake yalikuwa safi, alikuwepo, wallahi alikuwepo. "Na mimi unaniuma, na yeye unamuuma. Nile peke yangu? Mwindaji hali peke yake, Magdalena. Mbwa ana fungu lake. Umesahau?"

Sijasahau. Nitasahauje? Wawindaji walipokuwa wakirudi kutoka msituni walitandaza majani, wakagawa nyama mafungu, na fungu la kwanza kukatwa lilikuwa la mbwa, kabla ya mwenye mkuki, kabla ya mwenye shamba. Mtu aliyempunja mbwa hakuitwa tena kuwinda. Nilikuwa msichana nikiyatazama hayo, na nilijisemea mwanamume anayegawa hivi hataninyima. Kwa hilo nilimpenda.

Mwezi mzima. Vya daktari natia mimi kwenye ugali, vya zahanati anatia yeye kwa mkono. Wote wawili tunamtibu. Na daktari aliniuliza jikoni kwangu, nikamfokea.

Sasa vidonge vya Gasper nimevifunga sandukuni chini ya vitambaa. Ananiuliza kwa nini goti linauma.

5 Novemba

Nimempigia daktari. Nimemweleza yote. Akasema, "Pole, mama. Endelea na ile ya maji." Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Mchana nimekwenda kwa Kibibi. Nilisimama nje ya ua kama mdaiwa. Nikasema, "Mama Awadhi, nilikusingizia mbele za watu. Nimekuja kusema hivyo hivyo mbele za watu, waite." Hakuita mtu. Alivuta kigoda.

"Kaa unywe chai. Nilijua ni uchungu ule."

"Ungenijibu basi."

"Ningekujibu nini, mtu analia?" Akamimina. "Mbwa mimi simgusi, unajua. Lakini kila siku nilikuwa nachungulia hapa dirishani. Nikimwona yule yuko na mzee, naendelea na kazi zangu. Nikimwona mzee peke yake, natoka. Wewe ulidhani nilimkuta barabarani kwa bahati?"

Nimeishi naye ua kwa ua toka Flora hajavunja ungo, sikujua hata moja la hayo. Nikainywa chai yake mpaka mwisho.

7 Novemba

Amelamba uji kidogo. Mkia umetikisika mara moja. Mawingu upande wa Ruvuma.

9 Novemba

Watasema amekufa leo mchana.

Asubuhi alijikokota mpaka nje, nikasema ni nafuu, mjinga mimi. Gasper alichukua kofia yake, akasema anakwenda Newala. Mbwa akainuka. Sijui alipata wapi nguvu. Akamfuata mpaka kwenye mkorosho wa kwanza, akalala. Gasper akageuka, akampigia ule mluzi. Akapiga tena. Kisha akarudi, akakaa, akamweka kichwa pajani na kuanza kumsimulia habari za nguruwe wa Nanganga aliyevunja uzio. Hadithi ndefu ile. Haijafika nusu nikaona ubavu umetulia.

Nilimwacha amalize.

Kibibi ndiye aliyeleta jembe, na mwanawe Awadhi akachimba. Yeye mwenyewe alisimama pembeni na ndoo ya maji ya kunawa, akininawisha mimi kwanza. Sikufikiri kuna mtu angeweza kunifariji leo, na hakuna aliyeweza, lakini alisimama.

12 Novemba

Daktari kapiga simu, sauti ya furaha. Sindano imefika Masasi, iko kwenye friji. Alikuwa hajapata habari. Nikampa. Nikamwambia amchome mbwa mwingine yeyote, mradi amwulize kwanza mwenye mbwa ni nani mwingine anayempenda.

15 Novemba

Gasper ameuliza, "Watasema yuko wapi?" Nikamwambia amekufa, Baba Flora, tumemzika pale. Alilia mpaka akakosa pumzi. Baada ya chai akauliza tena. Nikamwambia tena. Akalia tena, upya, kama habari haijawahi kufika.

16 Novemba

Hivyo hivyo.

17 Novemba

Sitamwambia tena. Flora anasema kwenye simu, mama usimdanganye baba. Flora yuko Dar es Salaam.

20 Novemba

Mvua ya kwanza. Korosho zilizobaki chini zitaoza, na zioze. Niliziacha nikamfuata Gasper. Hayupo tena wa kubweka, kwa hiyo siwezi kumwacha atangulie. Anatembea, natembea nyuma. Magoti yangu ni moto mtupu. Anaponyoosha kuelekea barabara ya Newala nasogea upande wa lami, naye anakata kona bila kujua kwa nini.

Kibibi kanipokea jana, akatembea naye mpaka adhuhuri. Kesho ana shamba lake.

24 Novemba

Tope. Ameanguka, nami nikaanguka nikimwinua. Tulikaa chini wote tukicheka, halafu mimi sikuwa nacheka tena.

"Watasema yuko wapi?"

"Yuko nyuma yako."

Akaridhika, tukaendelea.

29 Novemba

Msimu umekwisha. Ghala limefungwa. Nilisema nitaandika mpaka hapa, na leo sina nguvu ya zaidi.

Asubuhi sikuweza kuinuka. Goti la kushoto limevimba kama bibo, nililala kwenye mkeka jikoni, karibu na pale lilipokuwa gunia. Gasper alisimama mlangoni na kofia, anataka kwenda. Nilimwambia subiri. Nilijikokota nikampa kidonge chake na maji, na siku hizi, tangu nivitoe sandukuni, simgeuzii kisogo, namtazama mpaka ameze. Ndiyo maana nimeona yote.

Alikivunja kwa meno. Akatoa nusu, akaipangusa kwenye shati. Akachuchumaa mbele yangu, taratibu, viungo vikilia, akanishika taya kwa vidole viwili kwa ule upole wake.

"Fungu lako, Watasema," akasema. "Meza tuondoke."

Nikameza. Nikainuka, tukaondoka.